Chumvi ya Mwalimu Mkuu

Mpaka leo, mtu akivuta kamba ya jenereta karibu na kibanda changu, mimi husimama wima na kufunga mdomo. Wateja hunicheka. Natengeneza simu na redio hapa Dunda, nina mke na watoto, nywele zimeshaanza kuniaga, lakini sauti ile ya kamba inayovutwa kwa kifupi hunirudisha mbele ya Mwalimu Mkuu. Kabla hajaigusa kamba, yeye husema neno moja tu, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia mstarini asubuhi: "Kimya!" Na watu hunyamaza. Nimewahi kuona kuku wakinyamaza.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, maana mwenyewe hapendi. Ukimuuliza kwao ni wapi atakujibu, "Kwangu ni hapa unaponiona." Aliongoza shule yetu ya msingi miaka mingi, akastaafu, wakaja wakuu wengine baada yake. Hao tunawaita kwa majina yao. Mwalimu Mkuu ni yeye peke yake. Na ninamweleza kwa sababu ya Jumamosi moja kule Mlingotini, alipoyaweka maisha yake yote ya Dunda kwenye kamba ya boti ya kuchezea: injini ikiwaka anabaki nyumbani kwake, isipowaka binti yake anamhamishia Dar siku hiyohiyo. Lakini siku ile haieleweki mpaka umjue mtu mwenyewe.

Kilichotukutanisha tena ukubwani ni waya. Alikuja kibandani kwangu amejifunga kitenge juu ya gauni, miwani usoni, mkononi ameshika kibanio kidogo cha chuma chenye waya uliokatika. Nikasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti. Nani kakuambia usimame?" Akakiweka kibanio mezani. "Unaweza kuunga huu waya vizuri, au nitafute mtu?"

Niliunga, huku viganja vikinitoka jasho kama vya mtoto wa darasa la tatu. Kibanio kile kilikuwa cha kupashia moto plagi. Injini ya nitro, ile ndogo ya boti za kuchezea, akanieleza, plagi yake haitoi cheche kama ya pikipiki. Ndani ina waya mwembamba ambao unaupa umeme wa betri mpaka unakuwa mwekundu. Injini ikishakolea unaondoa betri, na joto la injini yenyewe linaufanya waya uendelee kuwaka. Nikasema sijawahi kuiona injini ya namna hiyo. Akaniangalia juu ya miwani.

"Jumamosi maji yakijaa, uje Mlingotini. Usichelewe."

Sikuwa nimeomba kwenda. Nilikwenda, na tangu hapo nimekuwa nikienda.

Boti yenyewe ilikuwa ya marehemu mume wake. Aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama Dar, ikiwa na rimoti yake, injini ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, na propela ya shaba unayoweza kuifunika kwa kikombe cha kahawa. Kila Jumapili mzee aliiweka barazani akavuta kamba. Haikuwaka hata siku moja. Mwalimu akiwa ndani anasahihisha madaftari alimpigia kelele dirishani, "Bwana wee, hebu tuachie utulivu!" Utulivu ulikuwepo, maana injini isiyowaka haina sauti. Mzee akafariki, arobaini ikapita, na siku moja majirani wakasikia kamba inavutwa tena kwenye baraza ileile. Safari hii alikuwa Mwalimu.

Nilimuuliza kwa nini. "Aliacha kazi nusu," alisema. "Mimi kazi nusu siipokei." Kisha akageukia ukutani, nami nikajitia kutafuta skrubu sakafuni. Alimpenda sana yule mzee, na hakuwa amemwambia vya kutosha. Hilo hakulisema yeye. Nalisema mimi, kwa jinsi alivyokuwa akiifuta boti ile kila inapotoka majini, kona kwa kona, kwa fulana ya zamani ya kiume.

Jambo lililoushangaza mji ni kwamba Mwalimu Mkuu ni adui wa kelele. Harusi ikipiga spika mpaka usiku, yeye ndiye anayevaa ushungi kwenda kuwaambia wenye shughuli wapunguze, na wanapunguza, kwa sababu bwana harusi, baba yake na mpiga muziki wote aliwafundisha. Na mtu huyohuyo anawasha kidude kinacholia kama mashine ya kukoboa iliyofinywa mkia. Nikamtania siku moja. Akasema, "Kelele ni sauti isiyokuwa na habari. Hii ina habari. Tatizo lako husikilizi, hata darasani ulikuwa husikilizi."

Basi akanifundisha kusikiliza. Kwenye kabureta kuna skrubu ndogo inayopitisha mafuta. Ukiifungua sana, mafuta yanazidi: injini inakohoa, moshi unakuwa mzito, boti inajikokota. Ukiifunga sana, mafuta yanapungua, na hapo ndipo hatari ilipo, maana sauti inakuwa tamu. Inapanda, inanyooka, inaimba, kila mtu ufukweni anapiga makofi, na ndani chuma kinajiunguza. "Ikianza kukupendeza sana," alisema, "fungua kidogo." Alikuwa anaigeuza skrubu ile kwa bisibisi ya cherehani, kiasi kidogo mno ambacho macho yangu hayakukiona. Niliona mkono umetulia tu, kisha nikasikia sauti imebadilika.

Mlingotini tulikwenda kwa bajaji, boti imelala mapajani mwetu kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kule kuna maji yaliyotulia nyuma ya mikoko, na wanaolima mwani humo ni kina mama. Mwalimu hakuwahi kuishusha boti bila kuwapigia hodi. Alisimama ukingoni akaita, "Hodi, wenye maji!" Nao wakiwa wameinamia kamba zao za mwani waliitikia, "Karibu Mwalimu, kamba zetu usitukatie!" Kuna siku upepo uliichukua sauti yake na hawakuitikia. Tukarudi Dunda bila kuwasha chochote, na mafuta tumebeba, na nauli tumelipa. Nilinung'unika njia nzima kimoyomoyo.

Baada ya hodi ilikuja chumvi. Boti huwashiwa juu ya kistuli cha mbao kilichotobolewa katikati kupisha propela, na Mwalimu alitoa pakiti ya chumvi ya kupikia, akalowesha vidole, akaipaka kwenye mbao zile kuizunguka injini yote, polepole, midomo yake ikicheza. Upande wa kushoto aliweka taulo lililoloweshwa maji. Sasa fikiria unamuona mama mjane, na boti ya marehemu, na chumvi, na midomo inacheza. Dunda nzima ilijua maana yake. Wengine walisema anazuia husda. Wengine walisema mzee yumo ndani ya injini na hatoki bila kupakiwa chumvi. Dereva wa bajaji alikuwa anasubiri mbali, nyuma ya mnazi.

Mimi nilikaa na hofu muda mrefu, mwisho nikauliza. Siku iliyofuata aliniita barazani kwake mchana wa jua kali, akamimina mafuta kidogo ya boti kwenye kifuniko cha mkebe, akawasha kiberiti, akakigusisha. Sikuona kitu. Kifuniko kilikuwa kifuniko tu.

"Sogeza kiganja," akasema.

Nikasogeza, nikakirudisha mbio. Palikuwa na moto pale, moto mzima, usioonekana. Akachukua chumvi kidogo kwa vidole viwili akainyunyiza, na hapohapo ukasimama ulimi wa njano juu ya kifuniko.

"Haya mafuta yana spiriti. Moto wake mchana hauna rangi. Unaweza kuungua huku unashangaa joto linatoka wapi. Chumvi inautia rangi ukauona."

"Na ile midomo, Mwalimu?"

"Nasoma tebo ya saba, nisiharakishe."

"Mbona huwaambii watu?"

"Watu hawajaniuliza," alisema. "Wamenijibu tu."

Tebo ya saba ilikuwa na kazi nyingine pia. Injini ile hupozwa na maji inayoyavuta ikiwa inakwenda. Ikiwa juu ya kistuli, nchi kavu, haina cha kuipoza, kwa hiyo ikishawaka lazima ishuke majini upesi. Mwalimu hakutumia saa. Injini ikishika tu, alianza kwa sauti, "Saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne," na kabla ya saba mara kumi na mbili boti iwe inaelea. Mimi ndiye niliyekuwa nambebea. Nimejikwaa mara nyingi kwenye tope lile nikiwa na injini inayonguruma kifuani, propela inazunguka karibu na kiwiko changu, na nyuma yangu mama mtu mzima anapaza sauti, "Saba mara tisa sitini na tatu! Mbona bado?"

Shuleni alikuwa na sheria moja ambayo kila aliyepita pale anaikumbuka: mtihani ni wa mkono wako mwenyewe. Jirani yako akikunong'oneza jibu, nyote wawili mnapata sifuri, hata kama jibu ni sahihi. Na aliyeanguka ameanguka, marudio hayapo. Wazazi walikuja kulia ofisini, wakatoka wanalia. Lakini alasiri, ukishakula na kuoga, ulisikia hodi. Mwalimu Mkuu huyo, kapita tu kumsalimia mama yako. Anakaa barazani, anapewa chai, anasifu maandazi, halafu anageuka kwako kama kwa bahati: "Hebu nikumbushe, sita mara nane ni ngapi?" Anauliza moja, anauliza la pili, mpaka chai inaisha. Wiki inayofuata unakuta alama zako zimebadilika, na ole wako umshukuru. Alidhani ni siri. Karibu kila nyumba ya Dunda imewahi kumpa chai ile.

Mkono wa kulia ulianza kucheza mwaka juzi. Mwanzoni ulikuwa unacheza ukiwa umetulia mapajani, yeye akaukalia. Halafu ukawa unacheza akishika kikombe, akaacha kunywa chai mbele za watu. Bisibisi ikawa inagonga chuma kabla ya kuipata skrubu, ti ti ti, nami nikawa natazama baharini mpaka iipate. Niliumia sana. Mkono ule ndio ulionishika wangu kunifundisha kuandika herufi a.

Binti yake ndiye aliyelisema. Ni muuguzi, anaishi Boko, kule Dar, huja Dunda sikukuu na mwisho wa mwezi. Alikuja akaona vidole vya mama yake vina malengelenge, akaona dumu la mafuta chini ya kitanda, na mimi nipo hapo barazani nimeshika rimoti kama mwizi aliyekamatwa na kuku.

"Mama, mimi nafanya kazi wodi ya walioungua. Kila siku nafunga bendeji watu waliosema wanajua wanachokifanya."

"Mimi sisemi. Mimi najua."

"Mkono unatetemeka, Mama! Unawasha moto kwa mkono unaotetemeka, uko peke yako, na majirani wanasema unapaka chumvi kama mganga. Chumba kipo tayari Boko. Nakuomba."

Aliomba kweli. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake na macho yamejaa. Mwalimu aliukalia mkono.

"Jumamosi ya maji makubwa uje Mlingotini," akasema. "Nikishindwa kuiwasha kwa mkono wangu, mbele ya macho yako, nitapanda gari lako hapohapo. Sitarudi hata kufunga mlango."

"Na ukiiwasha?"

"Utaniacha nizeekee kwangu. Na Boko usinitajie tena."

Binti akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mama yake ukaidi. Wiki hiyo sikulala vizuri. Nilimfikiria Mwalimu kule Boko, ghorofani kwa binti yake, mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja wa kumwambia akae chini. Nikawaza kumfungulia skrubu mapema, kumtayarishia kila kitu ili avute tu. Sikuthubutu. Angejua kwa sauti.

Jumamosi ikafika. Binti alikuja na gari, na nyuma kulikuwa na sanduku la nguo za mama yake, limeshafungwa. Mwalimu aliliona, akapanda. Tulipofika Mlingotini maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, upepo hakuna. Nikaweka kistuli, nikaweka boti juu yake, nikajaza ndoo maji ya bahari, nikalowesha taulo. Mwalimu akafungua kisanduku cha vifaa. Akapekua. Akapekua tena.

"Chumvi iko wapi?"

Binti alikuwa ameitoa asubuhi. "Nimeiacha nyumbani, Mama. Leo tufanye bila hayo mambo. Wale kina mama wanakuangalia."

Nilifungua mdomo kueleza. Mwalimu akaninyooshea kidole, nikaufunga. Akasimama, akatembea mpaka ukingoni, akaita, "Hodi, wenye maji!"

"Karibu Mwalimu!"

"Nani ana chumvi?"

Walicheka wote. Mmoja wao, mama mnene mwenye kilemba cha buluu, akatoka majini akaenda kwenye banda lao la kukaushia mwani, akarudi na chumvi ya mawe kwenye kifuu. "Mpakie huyo mzee wako, Mwalimu," akasema, "na sisi utuombee." Binti aliinamisha uso kwa aibu. Mwalimu aliiponda chumvi kwa mpini wa bisibisi, akaipaka mbao zile taratibu, midomo ikicheza, mkono ukicheza.

"Kimya!"

Hatua ya kwanza ni kuyaita mafuta: unaziba mdomo wa kabureta kwa kidole, unavuta kamba kidogo, unayaona yanatambaa kwenye kibomba mpaka yafike. Yakifika unaacha. Lakini kidole kilikuwa kinateleza na kurudi, kinateleza na kurudi, na kila akivuta yaliingia zaidi. Niliona yamezidi. Yeye pia aliona, akavuta tena, kwa sababu mkono haukusikia. Kamba ikagoma. Injini ilikuwa imejaa mafuta mpaka juu, na mtu asiyejua angeivuta kwa nguvu akavunja vyuma vya ndani.

"Imelewa," Mwalimu akasema kwa utulivu. Akafungua plagi, ikamchukua muda mrefu, spana ilikuwa inaruka kwenye kichwa cha plagi na binti anauma midomo. Akaipindua boti, akavuta kamba, mafuta yakaruka nje kwa mkupuo, yakatapakaa kwenye mchanga na kwenye mbao za kistuli. Akairudisha plagi. Akashika kibanio. Alipaswa kufuta kistuli kwanza. Siku zote hufuta kwanza. Sijui alisahau, au aliona mkono unachoka na akataka kuuwahi.

Akavuta. Injini ikapiga mara moja, ikatema, ikanyamaza.

Mimi sikuona kitu. Binti hakuona kitu. Halafu kwenye kona ya kistuli, mahali palipokuwa na chumvi nyingi, pakachomoza njano, nyembamba, ukubwa wa jani la mwarobaini. Ikawa mbili. Ikatambaa kuelekea kwenye mkono wa gauni la Mwalimu.

"Moto," alisema, kama mtu anayesoma neno ubaoni. Mkono wa kushoto ulikuwa tayari umeshika taulo. Akalibwaga, akagandamiza, akabaki amegandamiza, na mimi nikaimwaga ile ndoo nzima kwenye mchanga. Ilikuwa imekwisha kabla binti hajamaliza kupiga ukelele.

"Basi! Basi, Mama, basi!" Alimkamata mama yake, akaugeuza ule mkono huku na huku, akanusa gauni. Vinyweleo tu ndivyo vilivyoungua. Alikuwa anahema. Amewaona wengi ambao hawakuwa na bahati hiyo. Kisha akatulia, akakiangalia kistuli.

"Ile rangi ya njano ilitoka wapi?"

"Kwenye chumvi," Mwalimu akamjibu. "Bila chumvi moto huu huuoni."

Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Mama, mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ulikuwa umeshanijibu."

Kina mama wa mwani walikuwa wamesogea, wamesimama majini hadi magotini, hakuna aliyecheka tena. Mwalimu alikifuta kistuli mbele na nyuma, akakisubiri kikauke, akapaka chumvi upya. Binti hakumzuia. Yeye ndiye aliyemshikia kifuu.

"Kimya."

Safari hii alisema kwa sauti ndogo. Akavuta. Hakuna. Akavuta tena, akabadilisha mkono, akavuta kwa wa kushoto, kwa kifupi, na injini ikapiga, ikapiga, ikashika. Moshi mzito mweupe ukatoka na harufu ya mafuta ya nyonyo. Lakini ilikuwa inakohoa. Mafuta bado yalikuwa mengi, na ingeingia majini hivyo ingezimika kabla ya kufika kwenye mikoko. Ilihitaji kufungwa kidogo, sasa hivi, ikiwa inawaka.

"Saba mara moja saba," nikaanza mimi, maana yeye alikuwa ameshachukua bisibisi.

Ti ti ti ti. Ncha ilikuwa inagonga kabureta, inaipita skrubu, inarudi, inaipita. Saba mara tatu. Saba mara nne. Injini ikaanza kulegea. Mwalimu aliutazama mkono wake kwa namna ambayo sitaisahau, namna aliyokuwa akimtazama mtoto hodari aliyeanguka mtihani. Nikapiga hatua.

"Wewe kaa hapo!" Halafu bila kugeuka akamwita binti yake kwa jina la utotoni, jina ambalo sikuwahi kulisikia. "Njoo. Nishike hapa."

Binti akapiga magoti kwenye tope na suruali yake nyeupe. Akakishika kifundo cha mkono wa mama yake kwa mikono yote miwili, kama wauguzi wanavyomshika mgonjwa asiyumbe. Mkono ukatulia. Ncha ikaingia kwenye skrubu.

"Saba mara nane hamsini na sita," binti akaendelea yeye, sauti inamkatika. Naye alikuwa amefundishwa na mama huyohuyo.

Mwalimu aligeuza kiasi kile kisichoonekana. Injini ikaacha kukohoa. Akageuza tena, nusu ya kile kiasi, sauti ikapanda, ikanyooka, ikaanza kupendeza, na papo hapo akairudisha nyuma kidogo.

"Beba!"

Nilibeba. Saba mara kumi na moja nilikuwa nimezama mpaka kiunoni, nikaiachia. Boti ikaruka kutoka mikononi mwangu, ikapasua maji kuelekea kwenye mikoko, maji ya kupozea yakichuruzika ubavuni, nyuma yake uzi mwembamba wa moshi. Kina mama walipiga vigelegele. Mwalimu aliiongoza kwa kidole gumba cha kushoto, akaizungusha mbali na kamba za mwani mara nyingi kuliko siku zote, akairudisha, akaizima. Kukawa kimya.

"Umeshinda, Mama," binti akasema. Alikuwa analia na kucheka.

"Nimeanguka."

"Imewaka! Kila mtu ameiona!"

"Nilisema kwa mkono wangu. Huu ulikuwa mkono wangu na wako." Akaifuta boti kwa ile fulana, kona kwa kona, akanipa. Akanawa mikono baharini. Akatembea mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa mbele, akaketi, akafunga mkanda, akatazama mbele.

Hakuna jambo lililoniogopesha siku ile kama kuuona mgongo ule umenyooka kwenye kiti. Hakuwa anatania. Nyumba haikuwa imefungwa, kuku walikuwa nje, na angekwenda vilevile. Niliikumbatia boti kifuani, ikiniunguza bado kwa joto. Binti alisimama kwenye mlango wa gari kwa muda mrefu, ameushika ufunguo. Alikuwa amepata alichokiomba kwa magoti.

"Mama," akasema mwishowe, "marudio je?"

"Unajua sheria yangu. Shuleni hakuna marudio."

"Shuleni hakuna. Barazani yapo."

Mwalimu aligeuza kichwa taratibu, akanitazama mimi. Nikasimama wima.

"Nani kasema?"

"Mama, Dunda nzima inajua."

Alifumba macho. Mkono wa kulia ulikuwa unacheza juu ya paja na safari hii hakuukalia. Niliona bega likitikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha kimya cha mtu ambaye hakuzoea.

"Lini?" akauliza.

"Maji makubwa yajayo."

"Na msimamizi?"

"Mimi."

Akafungua mkanda. Sanduku tulilishusha Dunda, mimi na binti, tukaliweka chumbani bila kulifungua, kwa sababu Mwalimu alisema mtahiniwa hajapata matokeo.

Tumeshafanya marudio mengi tangu siku ile. Binti huja na gari, hupiga hodi kwa wenye maji, hukishika kifundo cha mkono, injini huwaka, na Mwalimu Mkuu hujipa alama ileile bila huruma. Mpaka leo hajafaulu, na kila Ijumaa ya kuamkia maji makubwa, simu ya kunikumbusha ninunue chumvi hutoka Boko.